Porsche ya milioni 85 inayouzwa Dodoma: ni orijino au ni kopi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko Mtumba na ninaishi Kisasa hapa Dodoma. Kuna gari dogo la wazi, rangi ya krimu, linauzwa Area D. Dalali anasema ni Porsche 356 Speedster ya mwaka 1957, orijino, bei milioni 85 na maongezi yapo. Nilipoomba kuona kadi nikakuta imeandikwa Volkswagen, mwaka 1968, na namba ya chesesi inaanza na 118. Dalali akasema karani alikosea zamani wakati wa kuandikisha. Injini iko nyuma na mlio wake ni uleule wa Beetle aliyokuwa nayo marehemu baba tulipokuwa Kondoa. Kusema kweli, mlio huo ndio ulionirudisha kuliangalia mara ya pili. Rafiki yangu anasema ni feki, niachane nalo. Picha zake nimekutumia. Je, ni Porsche kweli? Na kama siyo, nitakuwa nimekosea nikilinunua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na karani, kwa sababu amesingiziwa. Hakukosea. Aliandika kilichogongwa kwenye chuma, na namba hiyo inasema mengi kuliko maneno yote ya dalali.

Kuanzia modeli za 1965, Volkswagen waligonga namba za tarakimu tisa kwenye chesesi za Beetle. Tarakimu mbili za kwanza, 11, zinataja aina ya gari: Beetle ya kawaida yenye paa. Ya tatu ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa modeli. Kwa hiyo 118 ni Beetle ya modeli ya 1968, iliyotoka kiwandani kati ya Agosti 1967 na Julai 1968, maana mwaka wao wa modeli ulianza Agosti. Speedster halisi ina namba ya tarakimu tano tu, nayo inaanza na 8. Karani anaweza kuruka tarakimu au kuandika herufi vibaya. Hawezi kukosea jina la gari, akakosea mwaka, akakosea na namba, halafu makosa yote matatu yakaelewana.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hapana, si Porsche. Ulichoonyeshwa ni sakafu, injini, giaboksi na miguu ya Beetle, vikavishwa bodi ya faibaglasi yenye umbo la Speedster. Kama unataka kuhakikisha kwa mkono wako, chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uifunge kitambaa laini isikwaruze rangi. Bodi ya Speedster ya kiwandani ni chuma. Pitisha sumaku kwenye mlango, kwenye madigadi, kwenye boneti. Kwenye gari hilo haitashika popote. Fanya hivyo mbele ya dalali bila kugombana, kisha umpe sumaku naye ajaribu.

Rafiki yako, hata hivyo, amekwenda mbali mno, na hapa naomba unisikilize kwa sababu magari haya nayapenda na sitaki ulikatae kwa sababu isiyo yake. Beetle na Porsche 356 ni ndugu wa damu. Ferdinand Porsche ndiye aliyesanifu Beetle kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwanawe, Ferry, alipoamua kujenga gari la michezo lenye jina la ukoo wao, mwaka 1948 huko Gmünd nchini Austria, hali ilikuwa ya shida na vipuri havipatikani. Akachukua vilivyokuwepo: injini ya Beetle, giaboksi ya Beetle, breki na miguu ya Beetle, akavijengea bodi nyepesi. Hivyo ndivyo 356 za kwanza zilivyozaliwa. Miaka iliyofuata Porsche waliboresha kila kitu hatua kwa hatua, lakini mpango ulibaki ule: injini nyuma, silinda nne zilizolala mbili huku na mbili huku, zinapozwa kwa hewa.

Speedster lenyewe lilizaliwa 1954 kwa maombi ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York. Alitaka gari la wazi, jepesi, lisilo na mapambo, linaloweza kuuzwa kwa bei isiyofika dola 3,000. Akapewa: kioo cha mbele kifupi kinachofunguka kwa bolti, turubai jembamba, milango isiyo na vioo vya kupanda na kushuka. Lilitengenezwa hadi 1958 tu. Leo la kweli linauzwa nje kwa zaidi ya dola 200,000, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya nusu bilioni. Wanaoweza kulinunua ni wachache na wanaolipenda ni wengi, ndiyo maana kopi zikatengenezwa: Marekani, Brazil, Uingereza, Canada. Na kwa kuwa Beetle zilikuwa kila kona ya dunia (ziliundwa zaidi ya milioni 21 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003), sakafu ya Beetle ndiyo ikawa msingi wa nyingi kati ya kopi hizo.

Wala sakafu hiyo si ya kudharau katika ardhi hii yetu. Mbio za Safari zilipoanza zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope ya miaka ile, Volkswagen ilishinda 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962. Mwaka 1957, huohuo ambao dalali anautaja ili kukuongezea bei, gari lililotamba kwenye barabara zetu lilikuwa Beetle.

Kwa hiyo kopi inayouzwa kwa jina lake la kopi ni kazi halali ya mikono ya watu. Kosa liko kwa anayekuambia ni orijino huku kadi iko mkononi mwake. Tenganisha mambo hayo mawili kichwani mwako, kisha tulikague gari lenyewe, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko uongo wa jina.

Beetle ina milimita 2,400 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Porsche 356 ina milimita 2,100. Ili bodi ya Speedster ikae sawasawa, sakafu ya Beetle lazima ikatwe karibu sentimita 30 na kuunganishwa upya. Zipo kopi ambazo bodi yake ilirefushwa ili sakafu isiguswe, na watengenezaji wengine, kama Intermeccanica wa Canada, baadaye waliachana na sakafu ya Beetle wakajenga fremu yao ya mabomba ya chuma. La kwako, kwa jinsi namba ilivyo, limejengwa juu ya sakafu ya Beetle, na kwa umbo la picha ulizonitumia naamini imekatwa. Ubora wa gari lote uko kwenye mshono huo, na hautauona ukisimama nje ukitazama rangi.

Nitakueleza nilichokiona kwa macho. Miaka mingi nyuma mwalimu mmoja alinileta kuangalia kopi ya namna hii aliyoinunua kwa akiba yake yote. Lalamiko lake lilikuwa dogo: mlango wa dereva ukifunguliwa akiwa ndani haufungi tena mpaka ashuke. Tukalinyanyua. Sakafu ilikuwa imepakwa lami nyeusi nzito, safi, ya kupendeza. Nikaikwangua kwa bisibisi, na chini yake nikakuta fundi aliyeunganisha alikuwa amegusisha tu, donge la weldingi hapa, donge kule, na katikati pakavu. Nilichukua sarafu ya shilingi 200 nikaisukuma kwenye ule ufa kwa kidole gumba, ikazama nusu. Mwalimu alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. Hakusema kitu, aliivuta ile sarafu, akaitazama, akanirudishia. Gari lilikuwa linapinda katikati kila alipokaa, na alikuwa ameshalipeleka Mpwapwa na kurudi mara mbili akiwa na watoto wake. Tulilikata upya, tukaweka chuma cha kuimarisha pande zote mbili, kazi ya wiki tatu. Tangu siku hiyo sinunui wala simshauri mtu anunue kopi ambayo sijaiona tumboni.

Kwa hiyo usikubali kuliangalia gari likiwa chini. Mwambie dalali lipelekwe gereji yenye shimo au linyanyuliwe kwa jeki nne imara. Mshono mzuri unakwenda bila kukatika, na kwa juu yake utakuta kipande cha chuma kilichoongezwa kama kiraka cha nguvu, hasa kwenye ule mgongo ulioinuka katikati ya sakafu. Ndani ya mgongo huo mnapita fimbo ya gia, waya wa klachi, waya wa mafuta na bomba la petroli. Mtu akikata mgongo na kuuunganisha bila uangalifu, vijibomba vya ndani havikai mstari mmoja, na utalisikia mguuni: klachi nzito, inayokwaruza, inayokatika waya kila baada ya miezi miwili. Klachi ya Beetle nzima ni nyepesi. Ukiona unaisukuma kwa nguvu, jua kuna jambo kwenye mshono.

Halafu fanya jaribio la mlango. Keti wewe kwenye kiti cha dereva, mtu mwingine mzito akae pembeni, mfungue na kufunga milango yote miwili. Ikisugua au kugoma, achana nalo hata wakilishusha hadi milioni kumi.

Inua kapeti nyuma ya viti. Juu ya ule mgongo wa kati, mahali ambapo kwenye Beetle pangekuwa chini ya kiti cha nyuma, ndipo namba ya chesesi ilipogongwa. Isome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ulinganishe na kadi. Karibu na hapo, upande wa kulia, ndipo betri ya Beetle ilipokaa kwa miaka mingi kabla ya gari kubadilishwa sura, na maji ya betri hula chuma. Gonga hapo kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza na kumeguka. Muulize pia gari lilikuwa wapi miaka iliyopita. Hewa kavu ya Dodoma inahifadhi chuma vizuri sana. Kama lilikaa Tanga au Dar es Salaam karibu na bahari, chunguza mara mbili.

Faibaglasi yenyewe haiozi, lakini ina maradhi yake. Tazama kwenye bawaba za milango na pembe za boneti kama kuna nyufa ndogondogo zinazotawanyika kama utando wa buibui. Chache ni kawaida ya umri. Zikiwa nyingi sehemu moja, gari liligongwa au bodi inavutwa na sakafu inayopinda, na hapo unarudi kwenye mshono.

Injini sasa. Injini hii haina rejeta. Inapozwa na upepo wa feni pamoja na oili, na oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu. Katika mji huu ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, wenye jua la Oktoba na Novemba tunalolijua na vumbi jekundu la kila siku, upepo huo ndio uhai wa injini. Fungua kifuniko cha nyuma utazame pembezoni. Lazima kuwe na mabati yanayoizunguka injini na mpira unaoziba nafasi kati ya mabati hayo na bodi, ili hewa ya moto inayotoka chini kwenye eksozi isirudi juu ikavutwa tena na feni. Kopi nyingi hazina mpira huo, kwa sababu bodi mpya haina umbo la ile ya Beetle na mjenzi aliona si kitu. Ni kitu, mwanangu. Bila huo mpira injini inavuta joto lake yenyewe. Itakwenda vizuri kutoka Area D hadi Nyerere Square, itakufia ukiipandisha Chenene mchana.

Mwambie fundi wako apime komprasheni ya silinda zote nne na aandike namba. Aangalie hasa ya tatu. Kwenye injini za miaka ile kipozeo cha oili kimekaa ndani ya njia ya upepo wa silinda hiyo, kwa hiyo hupata hewa kidogo, huchemka zaidi, na valvu yake ya kutolea moshi ndiyo huungua kwanza. Kisha, injini ikiwa imezimwa, ashike puli kubwa ya chini aivute na kuisukuma kwa nguvu. Akisikia inagonga na kuona inacheza kwa macho, beringi za kranki zimekwisha na unanunua injini ya kufunguliwa. Usitishike na udogo wa nguvu zake. Hata injini nzuri ya cc 1600 ina nguvu farasi kama 50, na katika mwinuko wa Dodoma hupoteza karibu moja ya kumi. Gari ni jepesi, zinatosha.

Jambo ambalo sitakuombea samahani kulirudia kila ninapoandika kuhusu magari haya ni mipira ya petroli. Bomba la petroli linaingia nyuma, na kutoka hapo hadi kwenye pampu na kabureta ni mipira, juu ya injini ya moto. Ukavu wa Dodoma unaoponya chuma ndio huohuo unaoua mpira: unakuwa mgumu, unapasuka, petroli inadondokea kwenye eksozi. Beetle nyingi zimeungua namna hiyo, na faibaglasi ikishika moto haikupi muda. Kata mpira mmoja, uukunje kati ya vidole. Ukionyesha nyufa, badilisha yote siku hiyohiyo kabla hujaliendesha hata hadi nyumbani, pamoja na vibana vyake. Kizima moto kikae pale mkono wako unapofika ukiwa umeketi, kisikae kwenye buti ya mbele.

Umeme nitapita haraka. Bodi ya chuma hubeba hasi yenyewe, faibaglasi haibebi. Kila taa inahitaji waya wake wa hasi unaorudi kwenye chuma. Washa taa za mbele, kanyaga breki, washa indiketa, vyote kwa pamoja. Taa moja ikififia nyingine inapowaka, waya wa hasi haujafungwa vizuri. Hilo ni la kurekebishika kwa siku moja. Mikanda ya usalama hairekebishiki kirahisi hivyo: fuata kila bolti ya mkanda kwa kidole mpaka mwisho wake. Lazima ishike kwenye chuma cha sakafu. Nimeona iliyofungwa kwenye faibaglasi tupu, na hiyo ni sawa na kutokuwa na mkanda.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu hapa dalali amekufanyia wema bila kujua. Kadi inayosema Volkswagen 1968 ndiyo kadi sahihi, na ningekuwa na hofu zaidi kama ingesema Porsche 1957. Usimruhusu mtu yeyote akuahidi "kuirekebisha" iwe Porsche. Kinachohitaji kurekebishwa ni yale yaliyobadilika kweli. Kama kadi bado inasema saluni, ilhali gari halina paa, au rangi na namba ya injini ni tofauti na zilizoandikwa, muuzaji aende TRA akayaweke sawa kabla ya kuhamisha umiliki, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani kama itatakiwa. Taka kuona kadi halisi, si kopi yake. Kadi halisi mara nyingi hushikiliwa na mkopeshaji, na mtu anayekuonyesha kivuli tu cha kadi lazima akueleze yenyewe iko wapi na kwa nini. Na mwenye jina kwenye kadi ndiye anayepaswa kusaini, siyo dalali.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na maneno yawe haya au yanayofanana nayo: gari la mfano wa Porsche 356 Speedster, bodi ya faibaglasi, lililojengwa juu ya chesesi ya Volkswagen Beetle ya 1968, namba fulani. Dalali akikataa sentensi hiyo, umeshajua nia yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, kwa hiyo maneno ya mkataba yana uzito kuliko unavyodhani. Maneno hayohayo uyapeleke kwa wakala wa bima. Ukikata bima kubwa kwa jina la Porsche ya 1957, siku ya ajali watasoma kadi, wataona Volkswagen, na watakuwa na haki ya kukataa kulipa kwa sababu hukuwaambia ukweli. Wape thamani ya gari kama lilivyo, mkubaliane kwa maandishi, na picha ziambatanishwe.

Bei. Milioni 85 ni bei isiyo na mwenyewe: ni ndogo mno kwa orijino, ni kubwa mno kwa kopi isiyojulikana nani aliijenga. Muulize muuzaji kama ana karatasi ya mtengenezaji wa bodi, picha za ujenzi, risiti za gereji. Kopi yenye historia ya namna hiyo ina heshima yake na bei yake. Isiyo nayo, unalipia Beetle nzuri pamoja na bodi na kazi ya kuivisha, basi. Kwa picha ulizonitumia, kama sakafu ni nzima na injini inapimika vizuri, mimi nisingeanza mazungumzo juu ya milioni 30, na nisingevuka 40. Hiyo ni hukumu yangu kwa soko letu, ambako siku utakayotaka kuliuza utamsubiri mnunuzi muda mrefu. Tenga pembeni milioni tano za mwaka wa kwanza: mipira, breki, matairi, waya. Spea za injini ya Beetle bado zinatengenezwa nje na zinaagizwa, na mafundi wazee wanaoijua bado wapo Dodoma, ingawa kila mwaka wanapungua. Kioo cha mbele na turubai ni vya Speedster, havipatikani hapa. Kikipasuka utaagiza na kusubiri.

Umeniuliza kama utakuwa umekosea. Kama unatafuta gari la kwenda nalo Mtumba kila asubuhi katikati ya malori ya barabara ya Dar es Salaam, utakuwa umekosea. Bodi hiyo haikulindi gari kubwa likikugonga, liko chini kiasi kwamba dereva wa lori hakuoni, tumbo lake litasugua matuta, na kuanzia Desemba hadi Aprili mvua itaingia kwa pembeni hata turubai likiwa juu. Kama unalo gari jingine la kazi, na hili ni la Jumapili asubuhi, ni jambo tofauti kabisa. Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160 za lami. Ukiondoka alfajiri kabla ya joto, ukalishikilia kwenye 70 au 80, ukasimama njiani kuangalia oili, utafika bila haraka. Na mlio uliokurudisha Area D mara ya pili si wa kuigiza. Hiyo ni injini ya Beetle kweli, jamii ileile aliyoiendesha marehemu baba, kipande pekee cha gari hilo ambacho hakuna aliyejaribu kukibadilisha jina.

Nenda Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, na usimwambie dalali saa ya kufika. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa cha moto, ameliwasha mapema kuficha namna linavyoamka. Mwambie utasubiri hadi lipoe, na usubiri kweli. Likiwa la baridi, liwashe wewe. Kisha inua kapeti, piga picha ya namba iliyoko chini yake na ya mshono wa sakafu, unitumie zote mbili kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba.